Walimu wa Vipindi Niliowajazia Fomu

Mkuu wa chuo ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili yenu mnaobaki. Nadhani alitarajia maneno ya shukrani na picha ya mwaka wa kwanza kama ninayo. Picha sina. Vyeo sitavitaja, maana nilianza nikiwa karani wa taaluma na nimestaafu nikiwa karani wa taaluma mwenye meza kubwa zaidi. Nitaandika habari za walimu wa vipindi wa lugha za kigeni, wale waliokuwa wanakuja, wanafundisha saa mbili, wanaondoka kwa miguu, ambao wengi wenu hamkuwakuta. Habari zao za nyuma nilizichapa mimi kwa mikono yangu, mmoja baada ya mwingine. Kwenye karatasi hakuna aliyewajua kuliko mimi, na hilo ndilo linalonisumbua.

Nilifika chuoni kwa sababu kiwanda cha chai kilinipunguza. Nilikuwa nimepiga chapa pale miaka tisa. Kiwanda kilipopata mwenye mali mpya, tuliitwa watu kumi na wawili kwenye chumba cha kuonjea chai, tukamiminiwa chai ya daraja la kwanza ambayo miaka yote ile hatukuwahi kuionja, kisha tukaambiwa asanteni sana. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila wiki kitu kimoja kilifunguliwa na kingine kikafungwa, na ilitegemea tu wewe umesimama mlango upi.

Chuo kilikuwa kimefunguliwa Msasani ya hapa Tukuyu, kwenye jengo lililokuwa duka la ushirika. Alama za rafu zilikuwa bado ukutani, na siku za baridi harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya magadi ilitoka kwenye sakafu kana kwamba duka linataka kurudi. Mkuu wetu wa kwanza alikuwa mfanyabiashara mchangamfu aliyeona mbali. Aliona malori yanayopita kwenda mpakani, akaona wageni waliokuja kutazama misheni za zamani na milima, akasema vijana wa Rungwe wanahitaji lugha. Akachora bango kubwa: Ukatibu Muhtasi, Kazi za Hoteli, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani. Bango lilikauka rangi wiki mbili kabla hatujapata mwalimu hata mmoja.

Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mzee Asajile. Huyu alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mrefu, mwenye koti moja la sufu alilovaa masika na kiangazi, ingawa kwetu tofauti ya masika na kiangazi ni ndogo. Asubuhi alitunza majalada, mchana alifundisha Kiingereza. Alinipa kiti, akanipa taipu iliyokuwa imekwama herufi k, akaniambia nichape orodha ya majina. Ukitaka kujua Kiswahili kinaitegemea k kiasi gani, jaribu kuchapa ukurasa mmoja bila hiyo. Nilijaza k zote kwa kalamu, na Mzee Asajile akasema mwandiko wangu unafaa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada ipewe namba kwa wino mwekundu. Karatasi isitolewe bila kuandikwa imetolewa na nani. Na mtu yeyote anayeweka sahihi asomewe kwanza kilichoandikwa, neno kwa neno, hata kama ni msomi, hata kama ana haraka, hata kama mvua inanyesha na amekuja kwa miguu. Aliniambia mahakamani alishuhudia watu wakipoteza mashamba kwa sababu ya sahihi waliyoiweka bila kusomewa. Aliisema mara moja tu, na mimi niliitikia kwa kichwa.

Fomu yenyewe tuliiita Maelezo ya Mwalimu wa Vipindi. Ilikuwa na nafasi za jina, mahali alipozaliwa, shule alizosoma, elimu ya juu kabisa, cheti, kazi ya awali na sahihi. Mwalimu anayeajiriwa moja kwa moja anatoka chuo cha ualimu, ana barua, ana namba. Mwalimu wa vipindi anatoka popote. Ukimuuliza alijifunza wapi lugha yake, hakutajii chuo, anakusimulia maisha.

Mzee Asajile mwenyewe alikuwa amejifunza Kiingereza kwa kuwasikiliza mahakimu. Wanafunzi wake walikisema vizuri, ila mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda chooni ungedhani anakata rufaa. Nilimjazia fomu, nikamsomea, akasahihisha nukta mbili, akasaini.

Wa pili alikuwa Mwalimu Gwakisa wa Lufingo, aliyefundisha Kijerumani. Nilikuwa namfahamu, maana siku ile ya chai ya daraja la kwanza tulikaa kiti kwa kiti. Kiwanda kilikuwa kimempeleka Ujerumani Mashariki miaka minne kujifunza mitambo. Aliporudi alitengeneza mashine za kukaushia majani mpaka siku aliyoambiwa hazimhitaji. Kijerumani chake kilikuwa cha karakana. Wanafunzi wetu wa hoteli walijua kutaja grisi, mkanda, bolti na boila, lakini kumkaribisha mgeni mezani walikuwa hawajui. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kule chakula walikuwa wanapanga foleni, hakuna aliyewahi kumkaribisha. Cheti alikuwa nacho, kikubwa, kigumu, chenye muhuri wa nchi ambayo ramani mpya hazikuwa nayo tena. Nikakiambatanisha.

Kifaransa ndicho kilichotushinda. Karibu mwaka mzima bango lilisema tunafundisha Kifaransa na darasa halikuwepo. Kisha mfanyabiashara mmoja kutoka Mali, aliyekuwa njiani kwenda Malawi, akaugua na kulazwa hapa mjini. Wauguzi hawakuelewa neno lake hata moja. Mtu akasema Ibighi kuna fundi cherehani, Mzee Hamisi, ambaye mke wake anajua lugha ya kule. Wakamwita. Jirani yangu alikuwa muuguzi wa zamu, na aliniambia kwamba yule mama aliingia na uzi wa kushonea vifungo ukiwa bado umening'inia kwenye gauni, akainama kitandani, akasema maneno machache, na yule mgonjwa akaanza kulia kama mtoto. Mkuu alipopata habari alimfuata kesho yake.

Hivyo ndivyo Bi Zuhura alivyokuja kukaa mbele ya taipu yangu. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mtandio wake umefungwa vizuri, na mikono ya mtu anayeshika sindano. Aliniamkia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," akacheka kidogo kwa aibu kwa sababu hakuwa na uhakika na matamshi. Nikamwambia ameyapatia.

Alinieleza habari zake bila kupamba. Ukoo wa baba yake ulitoka pwani, ukafanya biashara ya vitambaa Ujiji, na baba yake akavuka ziwa akafungua duka Bujumbura. Yeye alizaliwa huko. Akasomeshwa na masista, shule ya Kifaransa tupu, ambako ukisema Kiswahili kwenye uwanja unavishwa kibao shingoni hadi jioni. Alisoma sekondari mpaka mwaka wa tatu. Kisha vurugu zikaingia, duka likachomwa, wakavuka ziwa kurudi Ujiji na nguo walizovaa. Hakuwahi kumaliza shule. Cheti hana. Akaolewa na Mzee Hamisi, wakafuata biashara mpaka Tukuyu, na kwa miaka mingi Kifaransa alikisema peke yake akiwa anashona vifungo, kwa sababu hakutaka kimtoke.

"Usije ukafikiri mimi ni mwalimu, Mama Lugano," aliniambia. "Mimi najua kusema tu."

Nilimpelekea mkuu fomu ikiwa na nafasi mbili tupu, ya elimu ya juu na ya cheti. Akairudisha. Alisema nafasi tupu zinaleta maswali, na kwamba darasa la wanafunzi ishirini na wanne lilikuwa limeshajiandikisha. "Jaza kitu, Mama Lugano," alisema. Hakuniambia nijaze nini. Siwezi kumsingizia hilo.

Nikarudi mezani. Nilijaribu kufikiria ni maneno gani yatamsaidia yule mama. Nilidhani namsaidia, na nawaomba mniamini kwa hilo tu. Nikachapa: Diploma ya ualimu wa Kifaransa. Cheti kimepotea kwa vita.

Siku aliyokuja kusaini mvua ilikuwa kubwa, bati linalia, na darasa lake la kwanza lilikuwa linamsubiri. Nikamsogezea karatasi na kalamu, nikamwonyesha kwa kidole mahali pa sahihi. Sikumsomea. Alisaini kwa mwandiko mzuri wa masista, akanishukuru, akaenda darasani.

Mzee Asajile aliiona nakala baada ya siku chache, alipokuwa anatia namba nyekundu. Alinisubiri mpaka watu wakatoka, akaniuliza kama yule mama alisema ana diploma. Nikasema hapana. Akaniambia nichape fomu nyingine, nimwite, nimsomee, asaini upya. Alinisemesha kama binti yake, bila ukali. Nikasema nitafanya Jumatatu. Jumatatu ilipofika hakuniuliza, akidhani nimeshafanya. Kabla ya mwaka kuisha kifua kilimbana, akalazwa, tukamzika kwao. Ufunguo wa kabati la majalada ukabaki kwangu.

Sasa niwaambie jinsi Bi Zuhura alivyofundisha, kwa sababu kwenye jalada lake hakuna ukurasa unaosema hilo. Mnajua mvua yetu na mabati yetu. Mwalimu mwingine mvua ikianza huandika ubaoni na kukaa. Yeye alikuwa anasimama mbele, anawaambia wanafunzi watazame midomo yake, na wao wanarudia wasichokisikia. Mvua ikikatika ghafla unakuta darasa zima linasema sawasawa. Kila mwanafunzi alimpa kifungo cha nguo. Ukikosea unarudisha kifungo, ukipatia unakichukua tena, na mwisho wa mwezi wasichana walishona vifungo vyao kwenye sare. Hakuwa na kitabu. Alichora kwenye makaratasi ya kukatia nguo: soko, hospitali, kituo cha forodha, mtu aliyepoteza mzigo. Alisema alichora mambo ambayo yeye mwenyewe aliyahitaji akiwa njiani na hakuna aliyemwelewa.

Alikuwa na mwanafunzi mmoja, Subilaga, mtoto wa wachuma chai, aliyeingia chuoni akiona haya hata kusema Kiswahili kwa sababu watu walicheka lafudhi yake ya nyumbani. Bi Zuhura alimwambia kwamba sauti za Kinyakyusa zinasaidia, akamkalisha mbele. Miaka miwili baadaye Subilaga alichukuliwa na wakala wa forodha Tunduma, kushughulikia makaratasi ya malori ya Zaire. Siku alipokuja kuaga alipiga magoti mbele ya Bi Zuhura, na Bi Zuhura akamwinua haraka, akasema yeye si mwalimu wa makuu hivyo.

Miaka minne ikapita namna hiyo. Wanafunzi walimwita Madamu. Mimi nikazoea, na ule mstari niliouchapa ukakaa kabatini.

Halafu chuo kikataka usajili kamili. Vyuo binafsi vilikuwa vimeongezeka kila mji, na bodi yetu ikaona lazima tujitofautishe na vya ubabaishaji. Ikaundwa kamati ndogo ya kuhakiki sifa za walimu wote, ikiongozwa na mjumbe mmoja wa bodi aliyetoka Mbeya, mtu nadhifu, mwenye miwani, asiyepandisha sauti. Nilitakiwa kutoa majalada yote na kuandika kumbukumbu za kikao. Nilikuwa na siku tano za kulitoa jalada la Bi Zuhura na kurekebisha. Nililitoa mara mbili. Niliogopa kwamba karatasi mpya itaonekana ni mpya. Niliogopa kuulizwa. Nilikuwa na watoto watatu na mume wangu alikuwa ameshafariki, na nilishajua ladha ya chai ya kuachishwa kazi. Nikalirudisha mahali pake.

Mwalimu Gwakisa aliingia kwanza. Mjumbe akapapasa kile cheti kigumu, akatazama muhuri, akasema vizuri. Hakuuliza kama nchi iliyoutoa muhuri ipo. Dakika tano, akatoka.

Bi Zuhura alikaa mikono ikiwa mapajani. Mkuu alikuwepo, wajumbe wengine wawili, na mimi mwisho wa meza na daftari.

"Hapa imeandikwa una diploma ya ualimu wa Kifaransa," mjumbe alisema. "Naomba maelezo ya chuo ulichosoma."

"Sina diploma," Bi Zuhura alijibu.

"Ilipotea?"

"Sikuwahi kuwa nayo. Nilisoma sekondari kwa masista, mwaka wa tatu nikakatishwa."

Mjumbe akaigeuza fomu ili aione. "Sahihi hii ni yako?"

Aliisogelea, akasoma. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuyaona yale maneno. Alisoma polepole, midomo ikitikisika. "Ni yangu," alisema.

"Sasa nani aliandika diploma?"

Mkuu alitazama dirishani. Mimi niliinamisha kichwa nikaandika kwenye daftari: Mjumbe aliuliza nani aliandika diploma. Swali lilikuwa langu, na nililiandika vizuri, na alama ya kuuliza nikaiweka. Nilipoinua macho Bi Zuhura alikuwa ananitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama alivyowatazama wanafunzi wake, akinisubiri niseme.

Nikarudisha macho kwenye daftari.

Mjumbe akapitisha kidole juu ya karatasi. "Na mahali pa kuzaliwa umeandika ng'ambo. Wewe ni raia wa wapi?"

Hapo niliona mikono yake ikikunjana. Siku zile wakimbizi walikuwa wengi magharibi, na swali hilo likishaulizwa mahali pamoja huulizwa na mahali pengine. Alikuwa na mume, alikuwa na binti yao Rehema wa darasa la saba.

"Huenda mimi nilieleza vibaya," alisema. "Kosa ni langu. Naomba niende."

Wakamruhusu. Jioni ile mkuu alinipa maneno ya barua ya kumwachisha, nami nikaichapa: kwa udanganyifu wa sifa. Nakala moja kwake, moja jaladani, moja kwenye ubao wa matangazo, ili wanafunzi na bodi waone tumejisafisha. Nakala ya ubaoni niliibandika mimi, pini nne.

Nilikwenda kwake baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimebeba mkungu wa ndizi, kwa sababu sikujua mtu anabeba nini kwenda mahali kama hapo. Mzee Hamisi alikuwa barazani kwenye cherehani. Aliitikia salamu yangu, akasimama, akaingia ndani, akabaki huko. Bi Zuhura alinikaribisha kiti, akaniletea chai. Nikaanza kumwambia kwamba mimi ndiye. Akanikatiza, akasema anajua ni mimi, nani mwingine angekuwa na ile mashine.

"Nilitaka kukusaidia," nikasema.

"Najua. Ungeniuliza, ningekwambia nisaidie hivi, usinisaidie vile."

Nikamwambia nitakwenda kwa mjumbe niseme ukweli. Alitikisa kichwa. Alisema wakirudi kwenye lile jalada watarudi pia kwenye ile nafasi ya mahali pa kuzaliwa, na yeye hataki mtu yeyote aisome tena sasa hivi. Hali ikitulia, alisema, ndipo nirekebishe.

"Siku ikifika andika nilichokueleza, basi. Halafu chuo kinitumie barua. Rehema anaitwa mtoto wa tapeli shuleni. Nataka awe na karatasi ya kuonyesha."

Nikaahidi. Alinisindikiza mpaka barabarani, kama desturi, na ndizi alizipokea.

Hawakukaa mwaka. Mitumba ilikuwa imeshaua kazi ya Mzee Hamisi, na wateja wachache waliobaki walikuwa na maneno. Wakafunga mizigo wakarudi Kigoma. Mimi nilipata habari walipokuwa wameshaondoka.

Kifaransa alipewa mwalimu mwenye diploma ya kweli. Nilikihakiki cheti mwenyewe, herufi kwa herufi. Alikuwa kijana mwema, ila alikisoma Kifaransa kama mtu anayesoma maelezo ya dawa, na mvua ikinyesha alikaa. Wanafunzi walikuwa ishirini, wakawa tisa, wakawa wanne. Kisha bango likafutwa mstari mmoja. Kijerumani kilifuata baada ya Mwalimu Gwakisa kuchoka kupanda mlima. Ninyi mmekuta kompyuta na hoteli, na mkiulizwa, mnasema chuo hiki hakijawahi kufundisha lugha nyingine zaidi ya Kiingereza.

Subilaga alipita siku moja na gari la kazini, amenenepa, ana miwani ya jua, ameleta kitenge kwa ajili ya Madamu. Akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia aliacha mwenyewe akahamia kwao. Kitenge akaniachia nikitume. Nilikituma, hilo nililifanya, kwa mtu aliyekuwa anakwenda Kigoma. Barua sikuiweka ndani yake, kwa sababu nilikuwa sijaiandika.

Mtaniuliza nilikuwa nasubiri nini. Kwanza nilisubiri hali itulie. Kisha yule mjumbe aondoke kwenye bodi. Alipoondoka nilisubiri mkuu abadilike, na alipobadilika nilisubiri watoto wamalize shule. Walipomaliza nikagundua sisubiri kitu, nimezoea tu. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye pochi yangu miaka yote hiyo, nikienda nao kanisani na sokoni.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu nililitoa jalada. Panya walikuwa wamekula pembe moja, fomu ilikuwa nzima. Nikakata ule mstari kwa kalamu, nikaandika pembeni alichonieleza: sekondari mwaka wa tatu, shule ya masista, hana cheti, maneno ya diploma yaliandikwa na karani bila yeye kujua. Nikasaini na kuweka tarehe. Nikaandika na barua ya chuo, mkuu wa sasa akaitia sahihi bila kuisoma, maana ananiamini. Kisha nikampelekea jalada kijana wetu wa kumbukumbu aweke kwenye kompyuta. Alitafuta, akalipata jina. Mbele yake pameandikwa maneno matatu, udanganyifu wa sifa. Aliniambia kwa upole kwamba walimu waliofutwa mfumo haufungui tena habari zao, na majalada ya zamani yatachomwa mwezi ujao, yeye ameagizwa hivyo.

Nilibaki na barua. Anwani sikuwa nayo. Fundi mmoja wa Ibighi, aliyewahi kufanya kazi na Mzee Hamisi, alinitafutia namba ya simu ya Rehema. Kabla ya kupiga niliandika maneno yangu yote kwenye karatasi, nikaiweka mezani mbele yangu, kwa sababu nilijijua.

Rehema aliniamkia vizuri. Sauti yake ni ya mama yake. Nikamwambia napiga kutoka Tukuyu, chuoni. Akaniambia mama yake alifariki mwaka juzi, sukari. Nikampa pole. Akasema mpaka alipolazwa alikuwa bado anauliza kama kuna barua iliyotoka chuoni. Wao walidhani ni ugonjwa unamchanganya, kwa hiyo walikuwa wanamjibu bado, mama, itakuja.

Kisha akaniuliza, "Samahani mama, naongea na nani?"

Nikasema, "Mama Lugano."

"Wewe ndiye Mama Lugano?" alisema, na nikasikia amefurahi. "Mama alikuwa anakutaja sana. Alisema wewe ndiye uliyempa kazi."

Karatasi ilikuwa mbele yangu, mwandiko mkubwa, mistari sita. Niliiona vizuri.

Nikamwambia mama yake alikuwa mwalimu mzuri. Akanishukuru kwa kumkumbuka, akasema nikifika Kigoma nisipite bila kumwona, na nikasema sawa.